HESABU YA MVUA, MTO NA SHAMBA
Kazi ndogo ya wanafunzi iwezayo kuwafaa wakulima wa Kilelengwani

Mkulima wa bonde la Tana akiulizwa mvua ya mwaka jana ilikuwaje, atajibu, "Ilikuwa nyingi," au, "Ilikuwa haba." Akiulizwa ni nyingi kiasi gani, ataonyesha kwa mkono. Majibu hayo si ya uwongo, lakini hayamsaidii mtu kupanga kazi ya mwaka ujao. Mvua nyingi ya Garissa si mvua nyingi ya Kilelengwani, na ile anayoikumbuka mzee siyo ile anayoikumbuka mjukuu wake. Neno hubadilika kinywani, lakini tarakimu iliyoandikwa siku ile ile haibadiliki.

Makala haya ni ya wanafunzi na walimu wao, lakini wazazi nao wayasome, maana kazi inayoelezwa hapa ni ya faida ya shamba. Habari zilizokusanywa kwa kuhesabu au kupima huitwa takwimu, na siku hizi wengi huziita data. Kazi yake ina hatua tatu: kukusanya, kupanga, na kuonyesha kwa mchoro. Aliyeruka hatua ya kwanza hana cha kupanga, na aliyeipuuza ya pili atachora mchoro usiosema kitu.

KWA NINI TUHESABU

Mpunga wa huku hufuata maji ya mto. Maji yakipanda polepole na kutulia shambani, mpunga hustawi. Yakipanda ghafula, huchukua mpunga pamoja na mbegu ya mwaka unaofuata. Yasipopanda kabisa, mche hukauka. Tena, kwa wale walio karibu na Kipini mto unakoingia baharini, maji ya mto yakipungua maji ya chumvi hupanda, na shamba lililoonja chumvi halisahau upesi.

Mafuriko ya mwaka 1961 bado yanatajwa na wazee. Yale ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 yanakumbukwa na kila mtu aliyekuwa na akili wakati huo, na ya 2018, na ya mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024, yanakumbukwa hata na watoto. Lakini ukiuliza maji yalifika wapi hasa, siku gani, na yalikaa siku ngapi, kila mtu ana jibu lake.

Zaidi ya hayo, mto wenyewe umebadilika. Kule juu yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa haya hukamata maji ya mvua na kuyatoa baadaye. Zamani mzee aliweza kuhesabu miezi akajua mto utapanda lini, kwa kuwa maji yalikuja mara mbili kwa mwaka, kwa masika na kwa vuli. Leo mazoea hayo hayatoshi. Mto wa zamani wazee waliujua. Mto wa sasa lazima upimwe.

KWANZA SWALI, KISHA HESABU

Wanafunzi wengi hukosea mwanzoni kabisa kwa kukimbilia kuhesabu kabla ya kujua wanatafuta nini. Hesabu isiyo na swali ni kama kwenda msituni kutafuta mti bila kujua kama unataka wa mwinyo wa jembe au wa boriti.

Basi mwalimu na wanafunzi wake na waandike swali moja ubaoni, fupi na wazi. Kwa mfano: "Je, mto hupanda siku ngapi baada ya habari za mafuriko ya Garissa kufika?" Au: "Wiki gani ya masika mvua huwa imekwisha kulowesha ardhi ya kutosha kupanda?" Swali kama "Mvua ikoje?" halifai, maana halisemi ni mvua ya wapi, ya lini, wala ipimwe kwa nini.

Swali likishaandikwa, amueni mambo manne: nini kitapimwa, kwa kipimo gani, saa ngapi, na nani atapima. La mwisho ndilo husahauliwa. Shule hufungwa Jumamosi na Jumapili, na hufungwa likizo, lakini mvua haina likizo. Kwa hiyo atafutwe mzazi au mwanafunzi akaaye karibu na shule, naye akubali tangu mwanzo.

KUPIMA MVUA

Kipimo cha mvua cha dukani ni kizuri, lakini shule isiyo nacho isikae bure. Chukueni kopo ambalo mdomo na kitako chake vina upana mmoja, kama makopo mengi ya maziwa ya unga. Kopo lililopanuka juu na kubana chini halifai, maana litaonyesha mvua nyingi kuliko iliyonyesha.

Kopo liwekwe uwanjani, mbali na miti na nyumba. Kanuni ni hii: umbali usipungue mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Ikiwa pana mwembe wenye urefu wa mita 8, kopo likae mita 16 au zaidi kutoka pale. Mdomo wake uwe juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Lifungwe kwenye vigingi vitatu lisiangushwe na upepo wala mbuzi, na mdomo wake ulale sawasawa, usiinamie upande mmoja.

Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji atie rula kavu ndani ya kopo mpaka iguse kitako, asome maji yamefika milimita ngapi, aandike, kisha amwage maji yote. Saa tatu ndiyo saa inayotumiwa na vituo vya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kwa hiyo hesabu ya shule itaweza kulinganishwa na yao. Angalieni rula zenu: nyingi hazianzi sifuri ukingoni kabisa, bali zina nafasi ndogo kabla ya alama ya kwanza. Pimeni nafasi hiyo, na kila siku iongezwe kwenye hesabu.

Mvua iliyosomwa Jumanne saa tatu ndiyo iliyonyesha tangu Jumatatu saa tatu. Amueni mara moja itaandikwa kwenye siku gani, na mkiisha kuamua msibadilishe katikati ya mwaka.

Mtu atauliza, "Milimita 10 tu, ni maji gani hayo?" Ni mengi. Milimita 1 ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kwa hiyo milimita 10 katika ekari moja ni lita 40,470, yaani mapipa zaidi ya 200 ya lita 200 kila moja. Hakuna mkulima awezaye kuyabeba maji hayo kwa ndoo.

KUPIMA MTO

Kupima mto, tafuteni mti mnyoofu na mgumu, mtie alama ya rangi kila sentimita 10, kisha watu wazima wausimamishe mahali ambapo maji hayakauki hata wakati wa kiangazi. Alama ziwe kubwa, zisomwe kutoka ukingoni juu. Mwanafunzi asishuke majini hata kidogo, wala asiende peke yake: mto wa Tana una mamba na viboko, na hakuna tarakimu yenye thamani ya mguu wa mtoto.

Mafuriko yanaweza kuuchukua mti wenyewe, siku ile hasa mnapouhitaji. Kwa hiyo chagueni kitu kisichoondoka kilicho ng'ambo ya hatari, kama msingi wa jengo au jiwe kubwa, mtie alama, na mwandike daftarini sifuri ya mti iko chini ya alama hiyo kwa sentimita ngapi. Mti ukichukuliwa, mwingine utasimamishwa kwa kimo kile kile, na hesabu ya zamani itaendelea kufaa. Bila alama hiyo, hesabu ya kabla ya mafuriko na ya baada yake ni hesabu za mito miwili.

Karibu na bahari kuna jambo la kuongeza. Huko mto hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wakati wa bamvua hupanda zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Mpimaji wa huko aandike kipimo mara mbili kwa siku, maji yakijaa na yakipwa. Akisoma mara moja tu, leo maji yamejaa na kesho yamepwa, atadhani mto umeshuka, kumbe ni bahari.

Watu wa Misri walijua faida ya kazi hii zamani sana. Katika kisiwa cha Roda, mjini Cairo, kuna nguzo ya mawe yenye alama za dhiraa, iliyojengwa mwaka 861 kupimia mto Nile. Kila mwaka watawala waliangalia maji yamefika alama gani, wakajua mavuno yatakuwaje na kodi ya wakulima iwe kiasi gani. Mkulima wa Misri alikuwa na sababu nzuri ya kutaka kipimo hicho kisomwe kwa haki.

SIFURI NA NAFASI TUPU

Siku isiyonyesha, andikeni 0. Siku ambayo hakuna aliyepima, andikeni kistari, hivi: —. Mambo haya mawili hayafanani. Sifuri ina maana kwamba mtu alikwenda, akaangalia, akakuta kopo kavu. Kistari kina maana kwamba hatujui. Mwanafunzi atiaye sifuri mahali pa kistari ametunga hesabu, na atiaye namba "ya kukisia" ili daftari lipendeze amelichafua daftari zima, kwa kuwa msomaji hatajua tena ni zipi za kweli.

Kadhalika, mkikosea msifute. Pigeni mstari mmoja juu ya kosa, andikeni namba iliyo sawa pembeni, pamoja na jina la aliyesahihisha. Daftari lenye kosa linaloonekana laaminika kuliko daftari safi lililofutwa-futwa.

KUPANGA HESABU

Hesabu ikikusanywa hupangwa katika jedwali, yaani safu na mistari. Hapa chini ni mfano wa wiki moja. Namba hizi si za mwaka wo wote. Zimewekwa kwa kufundishia tu.

Jumatatu: milimita 0
Jumanne: milimita 12
Jumatano: milimita 0
Alhamisi: milimita 31
Ijumaa: milimita 4
Jumamosi: milimita 0
Jumapili: milimita 9
Jumla ya wiki: milimita 56

Ukigawanya 56 kwa siku 7 utapata 8. Hiyo ndiyo wastani: milimita 8 kwa siku. Lakini tazama tena. Hakuna hata siku moja iliyonyesha milimita 8. Siku tatu zilikuwa kavu kabisa, na zaidi ya nusu ya mvua yote ilinyesha siku moja. Mkulima aliyeambiwa "wastani ni 8" atadhani ardhi yake ililowa kidogo kidogo kila siku, kumbe Alhamisi maji yalikimbia juu ya ardhi na kubeba udongo.

Kwa hiyo wastani usiende peke yake. Zipangeni namba kuanzia ndogo mpaka kubwa: 0, 0, 0, 4, 9, 12, 31. Iliyo katikati ni 4. Hiyo husema zaidi juu ya siku ya kawaida. Kisha andikeni siku za mvua zilikuwa ngapi, hapa ni 4, na siku kubwa kupita zote ilikuwa ipi, hapa ni Alhamisi, 31. Jumla, ya katikati, siku za mvua, na kubwa kupita zote: mkulima mwenye mambo manne hayo anaijua wiki yake vizuri.

KUULIZA WATU

Hesabu nyingine hazipimwi kwa rula, bali hupatikana kwa kuuliza: ni nyumba ngapi hupanda mpunga, ni ngapi huhifadhi mbegu zao wenyewe, ni ngapi zilipoteza mavuno kwa mafuriko. Hapa yapasa kuangalia mambo matatu.

La kwanza ni adabu. Mwanafunzi afike wakati ambao wenyeji hawako kazini, abishe hodi, awaamkie wakubwa, aseme ametumwa na mwalimu gani na kwa kazi gani. Aeleze kwamba majina hayataandikwa. Asiyetaka kujibu asilazimishwe, aandikiwe kistari.

La pili ni swali lenyewe. "Je, hukupata hasara kubwa kwa mafuriko?" ni swali linalomsukuma mtu ajibu ndiyo. Afadhali kuuliza, "Mwaka huu ulipanda mpunga ekari ngapi, na ulivuna ekari ngapi?" Tofauti yake itajisema. Tena kila nyumba iulizwe kwa maneno yale yale.

La tatu ni uchaguzi wa nyumba. Kama hamwezi kwenda nyumba zote, msiende kwa jamaa na rafiki tu, wala zile za karibu na shule tu. Waliojenga mahali pa juu watasema mafuriko hayakuwa kitu. Waliojenga ukingoni watasema dunia ilikwisha. Njia ya haki ni kuzipa nyumba zote namba, kuandika namba hizo kwenye vikaratasi, kuvitia kofiani, na kuchomoa vya kutosha bila kuangalia.

Majibu yakija, yapigiwe vijiti: vijiti vinne vya kusimama, na cha tano kikate katikati. Ukiwa na mafungu ya tano tano, kuhesabu ni rahisi na kosa huonekana upesi.

Hesabu kubwa ya namna hii ni ile ya watu wote wa nchi. Mwaka 2009 watu wa Kaunti ya Tana River walikuwa 240,075. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 walihesabiwa tena, wakawa 315,943. Ongezeko ni watu 75,868, yaani karibu 32 kwa kila 100 waliokuwako. Ardhi haikuongezeka, wala mto. Tarakimu mbili tu, lakini mzee wa kijiji akizitazama ataelewa kwa nini mipaka ya mashamba inaleta maneno kuliko zamani.

KUONYESHA KWA MCHORO

Jedwali ni la kusoma kwa makini. Mchoro ni wa kuona mara moja, hata kwa mtu asiyejua kusoma sana. Daftari la miraba latosha, au mkaa na ukuta.

Mchoro wa nguzo hufaa kulinganisha vitu mbali mbali. Hii ni ile wiki yetu, kila x ni milimita 1:

Jumatatu:
Jumanne: xxxxxxxxxxxx
Jumatano:
Alhamisi: xxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxx
Ijumaa: xxxx
Jumamosi:
Jumapili: xxxxxxxxx

Hapa jicho linaona bila kuambiwa kwamba Alhamisi ndiyo iliyoleta mvua.

Mchoro wa mstari hufaa kuonyesha jambo linalobadilika siku hata siku, kama kimo cha mto. Siku huandikwa kwenye mstari wa chini, sentimita kwenye mstari wa kusimama, kila kipimo hutiwa nukta, kisha nukta huunganishwa. Mahali penye kistari katika daftari msiunganishe, acheni wazi.

Angalieni sana nafasi za wakati. Chukueni hesabu za watu wa Kenya. Mwaka 1948 walikuwa milioni 5.4, mwaka 1962 milioni 8.6, 1969 milioni 10.9; 1979 milioni 15.3; 1989 milioni 21.4, 1999 milioni 28.7, 2009 milioni 38.6, na 2019 milioni 47.6. Baina ya hesabu ya kwanza na ya pili ni miaka 14, kisha 7, kisha kumi kumi. Mwanafunzi akiziweka nukta zote kwa nafasi sawa, mstari wake utasema uwongo ingawa namba zote ni za kweli. Mraba mmoja uwe mwaka mmoja, au miaka miwili, lakini usibadilike.

Mchoro wa duara hufaa kuonyesha mafungu ya kitu kimoja kizima. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba 20 ziliulizwa zao lao kubwa, na 9 zikasema mpunga, 5 mahindi, 4 ndizi, na 2 mazao mengine. Duara zima ni digrii 360, basi kila nyumba ina digrii 18. Mpunga utapata 162, mahindi 90, ndizi 72, na mengine 36. Jumlisheni: 360. Isipofika 360, kuna nyumba iliyopotea.

Kila mchoro uwe na kichwa, majina ya vipimo, mahali na tarehe. Nguzo zianze kwenye sifuri. Mtu akianza nguzo zake kwenye 50, basi 52 na 54 zitaonekana moja mara mbili ya nyingine, na hiyo ni hila ya wauzaji, haifai shuleni.

RAMANI YENYE ALAMA

Kuna mchoro mmoja zaidi ufaao sana vijijini, nao ni ramani. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa wa Soho, mjini London. Daktari John Snow alichukua ramani ya mtaa akatia alama kwa kila aliyekufa, katika nyumba aliyoishi. Alama zilisongamana karibu na pampu moja ya maji katika Broad Street. Mkono wa pampu hiyo uliondolewa. Wakati ule wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya, lakini alama zile zilielekeza kwenye maji.

Wanafunzi wa Kilelengwani wanaweza kuchora kijiji chao, mto, njia, visima na vyoo, kisha watie alama mahali maji ya mafuriko yalipofika, kwa kuuliza nyumba moja moja na kutazama alama za tope kutani. Ramani hiyo ikiwekwa shuleni, mwenye kutaka kujenga ghala la mpunga ataitazama kwanza. Na siku habari zikifika kwamba mto umepanda Garissa, watu watajua ni nyumba zipi zihame mapema, maana maji huchukua siku kadhaa kufika huku, na siku hizo chache ndizo za kuokoa watoto, mbegu na mifugo.

HESABU YA PANDE ZOTE MBILI

Liko jambo zito ambalo haifai kulipita. Mwezi Septemba 2012 Kilelengwani yenyewe ilipatwa na msiba, watu wengi walipouawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji wa delta hii. Chanzo cha ugomvi wa namna hii hujulikana: kiangazi, malisho ya mbali hukauka, ng'ombe hushuka mtoni, na njiani kuna mashamba yaliyozifunga malka, yaani njia za mifugo kwenda majini. Mkulima husema ng'ombe wamekula mpunga wake. Mfugaji husema amefungiwa maji.

Hesabu haiwezi kuleta amani peke yake. Lakini yaweza kupunguza maneno. Watoto wa Wapokomo na watoto wa Waorma wasomao pamoja wanaweza kuchora karatasi moja yenye wiki 52 za mwaka. Mstari wa kwanza waonyeshe wiki ambazo mpunga uko shambani, tangu kupanda mpaka kuvuna. Mstari wa pili waonyeshe wiki ambazo mifugo huwa mtoni. Hapo mistari miwili inapokaa juu kwa chini ndipo penye hatari, na wazee wataziona wiki hizo kabla hazijafika. Wataweza kukaa chini mapema na kukubaliana malka ipi iachwe wazi, na mpunga wa wapi uvunwe kwanza.

Sharti lake ni moja: hesabu ikusanywe na pande zote mbili. Tarakimu iliyoandikwa na upande mmoja tu, hata ikiwa ya kweli, upande wa pili utaiita ya hila. Iliyoandikwa na mtoto wako na mtoto wangu, wakisimama pamoja kwenye ukingo mmoja, ni vigumu kuikataa.

KAZI YA KUANZA NAYO

Mwalimu asianze na mambo yote. Atafute kopo moja, rula moja na daftari moja gumu, la kuwekwa mahali pasipofika maji wala mchwa. Kila mwisho wa mwezi wanafunzi wanakili jumla kwenye karatasi ya pili, itunzwe katika nyumba nyingine, maana daftari moja laweza kuchukuliwa na mafuriko yale yale linayoyaandika. Mwenye simu aipige picha pia.

Mwaka wa kwanza daftari halitasema mengi. Mwaka wa tatu litaanza kuonyesha tofauti. Mwaka wa kumi litakuwa mali ya kijiji, na hakuna fedha ya kununulia miaka ambayo haikuandikwa. Kwa hiyo asiyeanza jana, na aanze mvua hii inayokuja. Apeleke nakala ya jedwali lake kwa afisa wa kilimo wa kata kila msimu, naye afisa atajua kuwashauri wakulima kwa mvua ya kwao wenyewe, wala si kwa mvua ya mahali pengine.